Kovu Juu ya Jicho la Kushoto

4 Februari

Shemeji yangu mkaidi,

Mzigo utakaopewa na dereva wa basi Ijumaa si zawadi, kwa hiyo usianze kupiga vigelegele. Ni skana ya zamani ya ofisini kwetu, ile tuliyokuwa tunaitumia kwa filamu. Nimeiomba, wamenipa. Simu sikupigi, masikio yangu unayajua, tutaishia kugombana bure. Tena maelezo haya nataka uyaweke mezani uyafuate mstari kwa mstari.

Sababu ni hii, kaa chini kwanza. Ofisi yetu ya kumbukumbu imeletewa mafaili ya nyumba moja nje kidogo ya mji, wanapotunzwa watu wasio na ndugu. Kazi yangu ni kuyaingiza kwenye kompyuta, si kuyasoma, lakini hili moja nililisoma. Mwanamume, miaka kama arobaini na tano. Aliokotwa kando ya barabara kuu miaka kumi iliyopita, amegongwa na gari. Hawezi kusema. Jina halijulikani. Uso ulivunjika kwenye ajali, picha yake haisaidii kitu. Ila daktari ameandika: ana kovu la zamani, la kabla ya ajali, juu ya jicho la kushoto.

Nikamkumbuka kaka yenu mkubwa. Mimi sikuwahi kumwona, lakini marehemu dada yako hakupitisha mwezi bila kumtaja: Chiriku wao, alivyokuwa haishiwi maneno, alivyoondoka na miaka kumi na tisa kutafuta kazi, akaandika barua mbili kisha kimya. Miaka inalingana. Kovu alinitajia pia, ila upande hakunitajia, wala mimi sikuuliza.

Najua picha zake za karatasi zote ziliharibika. Lakini baba yenu alikuwa mpiga picha, na hakuna mpiga picha anayetupa filamu. Zitafute. Ukiipata yake, fanya hivi. Kwenye programu chagua filamu, siyo karatasi. Rangi iwe kijivu. Nukta elfu mbili na mia nne kwa inchi. Palipoandikwa ondoa vumbi na mikwaruzo, toa tiki kabisa, maana mashine haijui tofauti ya mkwaruzo na kovu, italifuta. Filamu ilaze upande usiong'aa ukitazama chini kwenye kioo, ndivyo tunavyofanya hapa, inatoka kali zaidi. Mengine yote nimeshayaweka mwenyewe na kuyahifadhi. Usiguse.

Na Mama usimwambie kitu kwanza.

Shemeji yako,
Fundi

19 Februari

Shemeji,

Nimesoma barua yako nimesimama, kwa ubishi, halafu nikakaa bila kupenda. Tangu siku hiyo silali vizuri. Kaka ninayemjua mimi ni mgongo tu. Nilikuwa na miaka minne, nakumbuka nimebebwa na mtu mwenye shati jeupe anaongea njia nzima. Kama ni yeye huyo, ananyamaziaje watu miaka kumi?

Filamu nimezipata. Ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, kila moja kwenye bahasha yake ndogo yenye mwandiko wa Baba. Alizikata moja moja na kupunguza kingo zote ili ziingie, unajua alivyokuwa bahili wa karatasi. Ya kaka ipo. Imeandikwa "Mwanangu, kabla ya safari." Hakuwahi kutuambia kwamba alimpiga picha siku ile.

Sasa nisikilize bila kunigombeza. Nililaza filamu kama ulivyosema, nikabonyeza, picha ikatoka nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Mara ya pili, nyeusi. Mara ya tano nikapandwa na hasira nikabonyeza palipoandikwa "Rudisha mipangilio ya mwanzo". Ikaniuliza una hakika, nikasema nina hakika. Ikafuta vyote ulivyoviweka. Na picha bado nyeusi.

Niandikie tena upya, tafadhali, na uandike pole pole kama unamwandikia mtoto wa darasa la pili.

Mama nilimuuliza kwa mzunguko, nikijifanya napiga soga tu. Nikasema, hivi kaka alikuwa na kovu upande gani? Akaacha kukunja nguo, akashika juu ya jicho lake la kushoto. "Hapa. Aligonga pembe ya meza yangu ya cherehani, damu ikaharibu kitambaa cha mteja." Halafu akaniita kwa jina la marehemu dada akaniuliza kama mume wangu, yaani wewe, amekula. Ndivyo tulivyo siku hizi. Chai anaitia chumvi, na akikaripiwa analia.

Lakini alisema kushoto, Shemeji.

Mimi,
Kitindamimba

27 Februari

Shemeji mbonyezaji,

Kosa halikuwa mipangilio. Ndani ya mfuniko wa skana kuna ubao mweupe. Uchomoe. Taa ya filamu iko nyuma yake, wewe ulikuwa unapiga picha gizani. Ningekueleza mwanzoni, ila kwetu ubao huo tulishautupa zamani, ule nimeuazima kutoka skana nyingine ili usafiri salama. Nimesahau kama mzee.

Naandika upya, kwa kichwa, maana skana yenyewe unayo wewe. Aina: filamu hasi, nyeusi na nyeupe. Rangi: kijivu. Nukta: elfu mbili na mia nne. Vumbi na mikwaruzo: zima. Kunoa picha: zima. Mwanga: uache wenyewe. Upande usiong'aa chini. Hifadhi kwa ukubwa kamili, usikubali ikubanie. Kisha mpelekee yule kijana wa duka la picha akuchapie, uniletee kwa bahasha.

Jumapili nilikwenda kwenye ile nyumba. Ni safi kuliko nilivyoogopa. Wanakaa wanne chumba kimoja, kitanda chake kiko ukutani. Amekonda, anakohoa kutoka ndani ya kifua, muuguzi anasema ni mapafu na hayaendi vizuri. Nilikaa naye kidogo. Kusema hawezi, kwa hiyo hapakuwa na mengi. Kovu nimeliona kwa macho yangu, liko juu ya jicho la kushoto kama walivyoandika.

Mkuu wa nyumba ni mama mmoja mwenye msimamo. Amesema hatamtoa mgonjwa kwa mtu aliyekuja na hadithi, alete kitu cha kuonekana. Picha yenye kovu itamtosha. Ukiileta nitasaini, nimchukue aje alale kwenye chumba alichofia dada yako, kisha wewe na Mama mje. Fanya haraka, kile kikohozi sikukipenda.

Fundi

12 Machi

Shemeji,

Picha ni hiyo. Itazame kabla hujaendelea kusoma.

Umeona. Kovu liko kulia, kulia kwake yeye, si kwetu tunaotazama.

Ubao niliuchomoa na safari hii ikatoka safi kabisa, mpaka nyuzi za kola unaweza kuzihesabu. Nililia kwa furaha kama dakika mbili, kumwona ana uso. Ana midomo ya dada. Kisha nikalitafuta kovu. Nikafunga programu, nikafungua tena, nikafuata barua yako neno kwa neno, nikarudia mara tatu. Kulia, kulia, kulia.

Nimemfikiria Mama. Siku hizi akiulizwa leo siku gani anataja mwezi. Na hata kama anakumbuka, labda anamkumbuka uso kwa uso, kushoto kwake ndiko kulia kwa mwanawe. Siwezi kumtoa mtu kitandani, nikamleta mbele ya mama mzee nikasema huyu hapa mwanao, kwa sababu ya kidole cha Mama. Picha ilipigwa na Baba mwenyewe. Picha haisahau.

Kwa hiyo si yeye. Mwambie yule mkuu wa nyumba asante. Na huyo baba mwambie pole, hata kama hakuelewi, naye ana watu wake mahali fulani wanaomtafuta.

Mama sikumwonyesha. Kopo nimelirudisha juu ya kabati.

Nilikuwa nimeshaosha mashuka ya kitanda cha pili, Shemeji. Nimeyakunja tena.

Kitindamimba

25 Machi

Shemeji,

Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Ni kulia, hakuna ubishi. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii, nikiwaambia watu waamini kilicho kwenye filamu kuliko kilicho kichwani mwao. Siwezi kubadilisha kauli leo kwa kuwa jambo limenigusa.

Nimemwambia mkuu wa nyumba. Alifuta jina langu kwenye kitabu cha wageni wanaotazamiwa. Sikuingia ndani safari hii. Niliona haina maana kumsumbua mgonjwa.

Pole sana. Nilikutia tumaini ambalo hukuniomba.

Fundi

8 Juni

Shemeji,

Sijui kama nafanya vyema kukuandikia hili, lakini nikikaa nalo peke yangu linanikaba. Yule bwana amefariki, wiki mbili zilizopita. Nimejua kwa sababu faili lake limerudi ofisini kufungwa. Wamemzika nyuma ya ile nyumba, penye makaburi ya wasio na ndugu. Kaburi lake ni namba thelathini na moja.

Alikuwa mtu wa watu wengine, lakini nimehuzunika kama wetu.

Msalimie Mama.

Fundi

2 Julai

Shemeji,

Barua yako ya kifo ilinifanya nimwonee Mama huruma. Nikasema, huyu wa watu amekufa bila hata picha ukutani, basi Mama angalau amwone mwanawe. Nikaenda kuchapisha picha kubwa ya kaka, nikaitia fremu, nikampelekea asubuhi akiwa ametulia.

Aliishika kwa mikono miwili. Hakulia. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akakunja uso kama anavyokunja akiletewa nguo iliyoharibiwa na fundi mwingine.

"Nani kalishona hili shati?"

Nikamwambia, "Ni wewe, Mama. Si ulisema ulimshonea la safari?"

"Mimi? Mfuko kulia? Miaka arobaini kwenye cherehani, mimi sijaweka mfuko wa shati la mwanamume kulia hata siku moja. Na vifungo tazama, vimelalia upande wa kike. Huyu ni mwanangu lakini mmemgeuza. Mgeuzeni akae vizuri."

Mama anayetia chumvi kwenye chai, Shemeji. Alinirudishia fremu akaendelea kukunja nguo zake.

Nilipanda juu ya kiti nikashusha kopo. Nilikuwa nimepitisha kwenye skana filamu moja tu, hiyo ya kaka, nyingine sikuwa na moyo nazo. Nikachukua ile ya mbele ya studio, yenye kibao cha Baba. Nikailaza vile vile, upande usiong'aa chini, mipangilio yako ile ile. Kibao kikatoka maandishi yake yamegeuka, hayasomeki mpaka uyashike mbele ya kioo.

Nikashuka orodha yote ya programu nikisoma kila mstari. Chini kabisa, baada ya mambo ya ukubwa wa karatasi, kuna kisanduku: "Geuza kama kwenye kioo". Hakina tiki. Nikatia tiki. Kibao kikasomeka. Nikaweka filamu ya kaka. Mfuko ukaenda kushoto. Na kovu likaenda kushoto.

Ulijua kuhusu hicho kisanduku? Niandikie ukweli. Kama ulikiandika mimi sikukiona, niambie ni mimi. Barua zako ninazo zote, nimezisoma mpaka zimelegea, sikioni. Lakini nilibonyeza mwenyewe kile kitufe cha kufuta. Na Mama aliniambia kushoto, aliniambia kwa kidole chake, nikamwona mjinga.

Alikuwa kaka yangu, na mimi nikasema apewe pole, eti naye ana watu wake.

Mama bado hajui. Niambie namwambiaje.

Kitindamimba

11 Julai

Shemeji,

Hukukiona kwa sababu sikukiandika.

Ofisini tunalaza filamu kinyume ili itoke kali, na kile kisanduku ndicho kinachoirudisha sawa. Nilikitia tiki mwenyewe kabla sijaifunga skana kwenye boksi. Ulipofuta mipangilio kikafutika nacho. Nilipokuandikia upya nilikaa na kalamu nikakumbuka vumbi, nikakumbuka nukta, nikakumbuka hata kunoa. Hicho nilikisahau. Miaka ishirini na mbili kiko na tiki, mtu anaacha kukiona. Kisha picha ikaja, na mimi ninayewafundisha vijana kutazama mifuko na vifungo kabla ya kupitisha picha, nikatazama kovu tu.

Hukukosea wewe. Ningekuwa karibu ningepiga magoti kwa Mama mwenyewe. Usimwambie peke yako, nisubiri nije mwezi wa tisa nikipata likizo.

Nimekwenda kwa mkuu wa nyumba nikamweleza. Hakunigombeza. Alichukua muda mrefu kutafuta miwani yake.

Fundi

30 Julai

Mkwe wangu,

Anayeandika ni binti yangu, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na leo kichwa changu kiko sawa, kwa hiyo nitajua.

Hakukusubiri. Aliniambia wiki iliyopita, tukiwa jikoni. Mambo ya kioo na kisanduku amenieleza mara tatu na sijayashika. Nilichoshika ni kwamba mwanangu alikuwa hai, mkajua alipo, na mimi niliulizwa upande nikaonyesha. Hilo linaniuma, sitakuficha. Niliulizwa nikajibu, na jibu langu likawekwa kando.

Binti yangu analia usiku akidhani sisikii. Wewe nasikia umeacha kula ofisini. Sijui niwafanye nini nyinyi wawili. Siwezi kuwaambia hamkufanya kitu.

Nataka unijibu haya. Kitanda chake kilikuwa na godoro? Alifunikwa? Nani alimwosha alipokufa? Kwenye kaburi waondoe ile namba waandike jina lake na jina la baba yake, maana yeye ndiye aliyemtafuta miaka yote akijidai hamtafuti.

Na la mwisho. Alipotoka hapa kila mtu alikuwa anamwita Chiriku, mpaka wateja wangu. Miaka kumi yuko pale, wanamwita namba au wanamwita mzee. Kuna mtu yeyote aliyemwita jina lake kabla hajafa?

Jibu ukweli. Nikisahau kesho nitasomewa tena.

Mama yako

9 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Godoro lilikuwepo, nene, na blanketi mbili. Aliyemwosha ni muuguzi wa zamu, mwanamume wa makamo, ameniambia alimwosha kwa maji ya moto kwa sababu siku hiyo kulikuwa na baridi. Namba imeondolewa. Majina yote mawili yameandikwa, nilisimama pale rangi ikikauka.

Swali lako la mwisho limenikalisha siku nne. Jibu ni ndiyo, Mama. Ni mimi.

Ile Jumapili ya Februari nilimwandikia shemeji kwamba nilikaa naye kidogo na hapakuwa na mengi. Haikuwa kweli. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilipotaka kuondoka niliinama, nikamwita kwa sauti ndogo, "Chiriku." Nilifanya kama mtu anayejaribu ufunguo tu.

Aligeuka. Alinitazama, akafungua mdomo, akajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka pumzi tu. Akanishika kola ya shati kwa mikono yote miwili. Hakutaka kuachia. Muuguzi alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja, na yeye anatikisa kichwa anakataa.

Sikuwaandikia kwa sababu nilitaka picha ije kwanza, tusijidanganye. Picha ilipokuja na kusema si yeye, nikajiambia mpweke hushika kola ya yeyote anayemwinamia. Nilijirudishia maneno hayo kila siku mpaka alipokufa. Shemeji hakujua, Mama. Angejua asingeiamini ile picha hata kidogo. Kwa hiyo ukitafuta wa kumkasirikia, yuko huku kwangu.

Umeomba ukweli, basi huu ndio uliobaki. Nilipofika getini muuguzi alinifuata mbio. Alisema, "Anagonga ubao wa kitanda kwa kiganja, hanyamazi, nadhani anataka urudi." Nikatazama saa. Nikamwambia basi litaniacha.

Mkweo